Zamu yangu ya usiku kiwandani imepoteza ari ya kazi: nianzie wapi?

Msimamizi wa Zamu, Mufindi

Kamwene ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, na salamu kwa wote mnaosoma kutoka kwingineko. Ninasimamia zamu ya usiku katika kiwanda kimoja cha kusindika chai wilayani Mufindi. Nilianzia kwenye mizani ya kupokelea majani mabichi, nikapanda hatua kwa hatua, na sasa ninaongoza watu ambao baadhi yao ndio walionifundisha kazi. Mmoja wao, anayesimamia draya, yaani mtambo wa kukaushia chai kwa hewa ya moto, ana umri wa baba yangu mzazi.

Tatizo langu si utovu wa nidhamu. Watu wanafika kwa wakati, hakuna anayetoroka, na kilo tulizopangiwa zinatimia usiku mwingi. Ila kazi inafanyika kana kwamba ni ya mtu mwingine, na katika chai jambo hilo huonekana haraka. Majani yakishanyaushwa na kukatwa huachwa yachachuke kwa muda wa saa moja hadi saa moja na nusu hivi, kutegemea baridi ya usiku huo, na anayeamua kwamba rangi na harufu vimefika ni mtu, kwa jicho na pua yake. Kipimo kitaniambia kwamba chai kavu imetoka na unyevu wa asilimia 3 tunaoutaka, lakini hakitaniambia kwamba mhusika alikuwa amekaa pembeni akiota moto wakati majani yanapitiliza. Uangalifu wa namna hiyo siupati kwa kumsimamia mtu mgongoni usiku kucha.

Jambo lililonisukuma kuandika ni la feni ya draya. Beringi yake ilianza kulia mapema usiku, ikafa kabla ya alfajiri, na majani yaliyokuwa yamekwisha kukatwa yakaharibika. Nilipouliza, ikabainika kwamba watu watatu walikuwa wameisikia tangu mwanzo wa zamu. Mmoja alinijibu kwa upole kabisa: "Dada, habari za feni hiyo tulishasema msimu uliopita. Hakuna aliyekuja." Hakusema kwa kiburi wala kwa kunikomoa, na ndiyo maana maneno yake yameniuma.

Uongozi umeanzisha utaratibu wa mfanyakazi bora wa mwezi, wenye picha ukutani na fedha kidogo, lakini tangu utaratibu huo uanze manung'uniko yameongezeka badala ya kupungua. Vijana wawili mahiri wameshaondoka, mmoja akaenda kwenye viwanda vya mbao Mafinga na mwingine kwenye parachichi Njombe. Mishahara sipangi mimi. Ninachoweza ni kupanga watu, kuidhinisha saa za ziada, kupendekeza majina na kuandika taarifa ya zamu. Kwa uwezo huo mdogo, nianzie wapi? Na yule mzee wa draya, ambaye amenyamaza kuliko wote, nimwendee vipi?

Ofisa Utumishi Mstaafu, Iringa

Binti yangu, umesema unaidhinisha saa za ziada, kisha ukapita haraka kana kwamba ni jambo dogo. Mimi ningeanzia hapo. Kabla hujazungumza na mtu habari za ari, hakikisha hakuna hata mmoja katika zamu yako anayeamini kwamba saa zake zimeliwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada hazipaswi kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na kila moja hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Anayefanya kazi usiku, yaani baada ya saa mbili usiku na kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, anastahili nyongeza isiyopungua asilimia 5 kwa kila saa ya usiku, na saa hiyo ikiwa pia ni ya ziada, asilimia hiyo hukokotolewa juu ya kiwango cha saa za ziada. Sasa chukua kalamu. Ikiwa kipindi cha mvua zamu yenu inakwenda saa 12 kwa usiku sita, hata ukiondoa saa moja ya mapumziko kila usiku, mtu anafikisha saa 66 kwa wiki. Hizo ni saa 21 juu ya 45, na kwa wiki nne zinakuwa 84. Hapo umekwisha kuvuka kikomo cha sheria, na umevuka pia kikomo cha mwili wa binadamu. Mtu aliyechoka kiasi hicho hahitaji kuhamasishwa, anahitaji kulala.

Fanya hivi: daftari la saa lisainiwe na mfanyakazi mwenyewe kila asubuhi kabla hajaondoka, na likae mahali ambapo kila mtu anaweza kulifungua na kulilinganisha na hati yake ya mshahara mwisho wa mwezi. Katika ofisi nilizohudumu niliona ugomvi mwingi ulioitwa uvivu, na chini yake mlikuwa na saa mbili au tatu ambazo hazikuandikwa.

Niongeze jambo moja, kwa sababu utakutana nalo. Mtaalamu wa Marekani, Frederick Herzberg, pamoja na wenzake, waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 katika eneo la Pittsburgh, na mwaka 1959 wakachapisha walichokiona: mambo yanayomchukiza mtu kazini na mambo yanayompa hamu ya kazi si yale yale yakigeuzwa. Malipo mabovu, kanuni zisizoeleweka na usimamizi mbaya humchukiza, lakini ukivirekebisha utakuwa umeondoa chuki tu. Hamu hutoka kwenye kazi yenyewe, kwenye kutambuliwa kwa haki na kwenye kukabidhiwa wajibu. Kwa hiyo usishangae ukinyoosha daftari la saa, manung'uniko yakaisha, na bado beringi ikalia bila mtu kusema. Hapo utakuwa umefika mwanzo wa kazi yako ya uongozi.

Mama wa Kituo cha Parachichi, Rungwe

Mzee amesema kweli kuhusu saa, nami nitazungumzia ukimya, kwa kuwa ndio ninaoujua zaidi. Ninaongoza kituo cha kufungashia parachichi, na wengi wa watu wangu ni akina mama na mabinti wa meza ya kuchambulia.

Watu wako, dada, walishasema. Walisema msimu uliopita, wakangoja, wakaona hakuna jibu, wakahitimisha kwamba kusema ni kujichosha. Ukiwaita sasa kwenye mkutano na kuwahimiza "muwe huru kusema", watakuitikia vizuri sana na hawatasema kitu. Kinachorudisha sauti ni kuona jambo lililosemwa limekwenda mahali. Sisi tuna ubao mlangoni wenye sehemu tatu: lililosemwa, aliyelichukua, na jibu lenye tarehe. Jibu si lazima liwe la kukubali. "Haitawezekana mpaka chai ipungue, kwa sababu kipuri kinaagizwa Dar es Salaam" ni jibu kamili, na mtu mzima huliheshimu. Kisichovumilika ni nafasi iliyoachwa wazi wiki baada ya wiki. Tunausoma ubao huo tukiwa tumesimama, kabla ya kazi kuanza, kwa dakika chache tu, na hakuna hotuba.

Nikupe mfano. Parachichi inapaswa kukatwa mtini kwa mkasi na kubakishwa kikonyo kifupi, kwa sababu likinyofolewa, pale kikonyo kilipotoka huwa mlango wa kuoza, na uozo huo hauonekani hapa kwetu bali huko ng'ambo baada ya safari ndefu ya baridi. Binti mmoja wa meza yangu, mkimya kabisa, aliona kwamba makreti kutoka upande mmoja yalikuwa na matunda mengi yasiyo na vikonyo. Alinionyesha matunda mawili mkononi, akitazama chini. Nilisimamisha meza, na baadaye nikamwomba aende yeye mwenyewe pamoja na bwana shamba kwa wakulima wale awaonyeshe alichokiona. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Siku hizi akisema "simamisheni", meza inasimama, hata nisipokuwepo. Sikumwongezea hata shilingi kwa jambo hilo, ingawa nilipoulizwa jina la kupandishwa daraja nililitaja lake.

Ujue pia kwamba utaratibu huu ukianza kufanya kazi, taarifa za makosa zitaongezeka, na wakubwa wako watashtuka. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alipochunguza timu za wauguzi hospitalini katika miaka ya 1990 alitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache ya dawa. Akakuta timu zilizoongozwa vizuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi, kwa kuwa hazikuogopa kuyataja. Mweleze meneja wako jambo hili mapema, kabla hajaiona taarifa ya kwanza yenye kurasa tatu akadhani zamu yako imeharibika.

Kuhusu ile picha ukutani: chai inapita mikononi mwa watu wengi. Aliyepima, aliyenyausha, aliyekata, aliyekausha, nani kati yao ni bora? Ukimchagua mmoja, wengine wanajua vizuri zaidi yako ni nani aliyembeba. Kama fedha hiyo ipo, pendekeza iende kwa zamu nzima pale gredi za juu zinapotoka nyingi.

Fundi Mitambo, Mbeya

Ninakubaliana na mengi, lakini kuna hatari moja ambayo wachangiaji hawajaitaja. Ubao wa malalamiko ukiwa chini ya msimamizi asiye na fedha za vipuri utajaa mambo ambayo hawezi kuyatatua, na mwisho wake utakatisha tamaa kuliko ukimya wa mwanzo. Kwa hiyo, dada, nusu ya kazi yako ya kuongoza watu itafanyika ukiwa umewageukia walio juu yako.

Ukiandika kwenye taarifa kwamba wafanyakazi wamekata tamaa, karatasi itaingia kwenye faili. Andika kwa kilo. Takribani kilo nne na nusu hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Kama feni ile iliwaharibia kilo 2,000 za majani, kiwanda kimepoteza chai kavu isiyopungua kilo 400. Weka bei mnayouzia hapo, kisha pembeni weka bei ya beringi na saa za fundi wa kuibadilisha. Halafu andika tarehe ambayo kasoro hiyo ilitajwa kwa mara ya kwanza na aliyeitaja. Jambo hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu mfanyakazi akijua kwamba jina lake limefika ofisini kama mtu aliyejaribu kuokoa mali, atasikiliza mashine kwa namna nyingine.

Tena tumieni majira. Majani ni mengi kipindi cha mvua, na ikifika Juni hadi Agosti baridi hupunguza mavuno. Hicho ndicho kipindi cha kufungua mitambo, na waendeshaji wawepo inapofunguliwa, washike spana, waone beringi iliyokwisha inafananaje ndani. Viwanda vingine huwapa waendeshaji likizo wote wakati huo na kuwaachia mafundi kazi peke yao, jambo ambalo sijapata kulielewa. Aliyeufungua mtambo kwa mikono yake hausikii kama kelele tena.

Msimamizi wa Zamu, Mufindi

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Hesabu ya saa nimeifanya, na kwa kipindi cha mvua tuko juu ya 50. Nimekwisha kuomba kikao na meneja kuhusu kugawa zamu upya, na ninapeleka hesabu ya ile feni katika kikao hicho hicho. Ubao nitauanza na mambo yaliyo ndani ya uwezo wangu tu: taa ya mizani, glovu, chai na uji wa saa nane usiku unaofika umepoa. Ya vipuri yataingia nitakapokuwa nimepata kauli ya ofisi kuhusu nani atakayeyajibu. Ila bado sijapata jibu kuhusu mzee wa draya.

Ofisa Utumishi Mstaafu, Iringa

Marahaba, binti yangu. Mzee huyo usimwite ofisini, mwendee kwenye draya yake wakati mambo yametulia, umsalimie kama unavyomsalimia baba, kisha umwulize swali la kazi ambalo jibu lake hulijui kweli. Usimuulize kwa nini amenyamaza. Muulize, kwa mfano, anatambuaje kwamba moto umezidi kabla kipimo hakijasema, nawe uandike anachokisema mbele ya macho yake. Ukiwa na la kumrekebisha, mwambie mkiwa wawili, kamwe usifanye hivyo mbele ya vijana, lakini mwambie wazi, kwa sababu heshima ya umri haiondoi wajibu wa zamu, na yeye mwenyewe atakudharau ukimwogopa.

Halafu mkabidhi vijana wawili awafundishe kwa kupokezana. Asiambiwe tu kwa mdomo. Omba meneja amwandikie barua inayomtaja kuwa mkufunzi wa draya, nakala iingie kwenye jalada lake, na jukumu hilo lihesabiwe siku daraja na posho yake vitakapojadiliwa. Na kama ndiye aliyeripoti ile feni msimu uliopita, jina lake na tarehe aliyosema viwe kwenye hesabu unayoipeleka kwa meneja.