MJADALA: Wasichana wasome ualimu peke yao, na wapangiwe kituo wawili wawili

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, naileta hoja hii nikiwa na msimamo, ili anayepinga ajue anapinga nini. Nasema tuwe tena na vyuo vya ualimu vya bweni vya wasichana peke yao, angalau kimoja kwa kila kanda yenye shule za vijijini zisizo na mwalimu hata mmoja wa kike. Tena wakimaliza wapangiwe kituo wawili wawili, waliosoma pamoja waende pamoja. Mtoto wa kike wa darasa la sita akivunja ungo shuleni, akatazama walimu wote asione hata mmoja wa kumnong'oneza, anachukua mkoba wake anarudi nyumbani. Wapo wasiorudi tena.

Najua jibu la kwanza litakuwa "hayo ni ya wakoloni". Basi twende huko huko tukaone kilichofaa na kilichoharibika.

Kusini kidogo ya mji wa Unguja, Mbweni, yamebaki magofu ya shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria. Shamba lile lilinunuliwa mwaka 1871 na misheni ya Kianglikana ya UMCA, hao hao waliojenga kanisa kuu Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa. Wanafunzi wa mwanzo walikuwa mabinti walioshushwa kutoka majahazi ya watumwa yaliyokamatwa na manowari za Waingereza. Mfikirieni mtoto huyo. Ametembezwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, jina la mama yake analikumbuka ila kijiji hawezi kukionyesha. Jirani yake ni Mmakua, anayefuata ni Myao. Kiswahili wanakiokota pamoja, na hicho ndicho kinachowafanya ndugu.

Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 akaiongoza shule mpaka 1902. Waliokuwa wepesi wa kitabu walifundishwa kufundisha, wakaanza kuwasomesha wadogo zao hapo hapo. Walioonekana wazito walipelekwa upande wa kazi za mikono: kufua, kushona, kupika. Hapo ndipo ninapoanza kuumia, maana mtoto aliyekwisha kupangwa na kupangwa upya na wafanyabiashara alifika mahali pa salama akakuta anapangwa tena. Lakini sikubali mtu aniambie kwamba hakuna kilichofanyika. Karne ya 20 ilipoanza, palikuwa na wanawake waliofika pwani wakiwa mateka ambao sasa wanasimama mbele ya ubao, wanaitwa mwalimu. Hawakuwa na ukoo. Ukoo wao ulikuwa bweni.

Sasa dosari. Karibu na hapo palikuwa na Kiungani, chuo cha wavulana cha misheni ile ile. Kijana wa Kiungani akimaliza alihitaji mke Mkristo anayejua kusoma, na mke huyo alitafutwa Mbweni. Wakaoana, wakapelekwa bara, Magila au Masasi. Mwanamke alifundisha kweli, ila alikwenda kule kwa sababu mumewe amepangiwa kule. Uganda ni hivyo hivyo: Gayaza ya wasichana ilianza 1905, Budo ya wavulana 1906, na mabinti wa machifu wa Buganda walilelewa wawe wake wa wakubwa wa kesho.

Mfano unaonisumbua kuliko yote ni wa Kabete. Kule Marekani, Anna Jeanes alitoa dola milioni moja mwaka 1907 kusaidia shule za vijijini za watoto weusi wa Kusini. Mwalimu wa kwanza wa mpango ule, mwaka 1908, alikuwa mwanamke mweusi wa jimbo la Virginia, Virginia Randolph, aliyezunguka shule hata shule kuwaelekeza walimu wenzake. Amesimama kwa jina lake. Mpango huo huo ukavuka bahari, ukafunguliwa Kabete, Kenya, mwaka 1925, na ulipofika Afrika Mashariki mwalimu akageuka mwanamume. Mwanamke alikuja chuoni kama mke wa mwanafunzi, akafundishwa usafi na malezi ya watoto. Kazi ile ile, jina lile lile la mfadhili, lakini mwanamke ameshushwa daraja njiani!

Wala Ulaya hawakuwa na afadhali. Baraza la jiji la London liliwakataza walimu wa kike kuendelea na kazi wakiolewa tangu 1923 hadi 1935, na marufuku za namna hiyo ziliondolewa kwa sheria Uingereza mwaka 1944. Ireland ilianza ya kwake 1934 ikaiacha 1958. Msichana analala bweni moja na wenzake, anasoma kwa bidii, anafuzu, kisha ndoa inahesabiwa kuwa kosa la kazini. Kwetu alipewa kituo kwa sababu ameolewa, kwao alinyang'anywa kwa sababu ameolewa. Pote barua ya kazi iliandikwa kwa kumtazama mume.

Kwa hiyo bweni silioni kuwa kosa. Kosa lilikuwa mlangoni, siku ya kutoka: walisoma kumi pamoja, wakatawanywa mmoja mmoja, kila mmoja nyuma ya mumewe au peke yake kabisa. Tukiwafundisha pamoja na kuwapanga pamoja, kwa mshahara na nyumba ya jina lao, tutakuwa tumechukua kizuri cha Mbweni. Karibuni.

Mchangiaji, Morogoro

Mkuu, napinga, na napinga kwa nia njema. Mimi ni mkufunzi. Kijana wa kiume asiyewahi kupangwa kundi moja na msichana, akakosolewa naye, atakujaje kumheshimu mwalimu mkuu mwanamke? Ukijenga ukuta chuoni, unauhamishia ofisini.

Wewe umetaja Mbweni, mimi nataja Makerere. Wito wake wa zamani ulikuwa "Tuwe wanaume". Mwaka 1945 wakaingia wanawake sita, na wito ukabadilishwa ukawa wa kujenga kwa ajili ya kesho. Hao sita hawakujengewa Makerere yao pembeni. Waliingia mle mle, na chuo ndicho kilicholazimika kubadilika. Hiyo ya kupanga wawili wawili nakuunga mkono kesho asubuhi. Ya chuo cha peke yao, hapana.

Mchangiaji, Mombasa

Kaka, umesema vizuri lakini umeruka watu. Umeanza hadithi ya mwanamke na kalamu pale meli ya misheni ilipotia nanga. Sisi wa pwani tulikuwa na chuo kabla ya chuo. Nyanya zetu walisomeshwa Kurani na wanawake, na wapo walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, miaka 13 kabla ya hilo shamba la Mbweni kununuliwa. Ule ni ufundishaji. Mwanafunzi alikuwa mmoja, na darasa lilikuwa kitandani kwa mama mgonjwa.

Lipo jambo jingine, nakuomba ulipokee. Kwa wazee wetu, Mbweni haikuwa shule tu, ilikuwa mahali mtoto anapoingia na kutoka na dini nyingine. Wale mabinti hawakuwa na mzazi wa kusema ndiyo wala la. Serikali ya Zanzibar ilipofungua shule ya wasichana mwaka 1927, wazazi waliona tofauti: binti anaweza kusoma na kurudi nyumbani akiwa bado binti yao. Ukitaka chuo cha bweni leo, anza na kumwita mzazi. Ukimpita mlangoni, atakufungia.

Mchangiaji, Geita

Mnajadili chuo. Mimi nina cheti cha ualimu, msichana, mwaka wa nne huu sina ajira. Nafundisha shule binafsi kwa posho isiyofika nauli na kodi. Walimu wa kike wapo, wamekaa nyumbani. Hizo fedha za kujenga bweni zingewaajiri wangapi?

Mwalimu mstaafu, Lindi

Wanangu, nimesoma yote, naomba nami niseme kidogo.

Mimi ni mwalimu wa enzi za Elimu ya Msingi kwa Wote. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 taifa lilihitaji walimu kwa haraka, na sisi tulisombwa kama maji ya mvua. Bweni letu lilikuwa la wasichana, ingawa darasani tulichanganyika. Nataka niwaambie bweni lilifanya nini, maana naona mnalitaja kama jengo. Usiku tulifundishana. Mmoja anasimama kwenye kitanda cha juu anajifanya mwalimu, sisi tunakuwa watoto watundu, tunamuuliza maswali ya kumyumbisha. Aliyeogopa kusimama alizoeshwa pale pale, mpaka sauti ikatoka. Mkufunzi alitupa andalio la somo. Sauti tulipeana wenyewe.

Nilipomaliza nilipangiwa kijiji cha mbali, mwanamke peke yangu. Nyumba ya mwalimu haikuwa na komeo la ndani. Mtu mmoja mwenye cheo kijijini alikuwa akigonga mlango saa nne, saa tano za usiku, ana maswali ya mahudhurio. Nilisukuma kabati la vitabu mlangoni kila jua likizama, miezi saba. Niliyemwambia akaniuliza kwa nini sijaolewa. Nikaanza kuandika barua ya kuacha kazi. Kabla sijaituma akaletwa mwalimu wa pili, msichana tuliyelala naye bweni moja. Hatukufanya lolote la ajabu. Tulikaa wawili tu, tukacheka kwa sauti usiku, na mlango ukaacha kugongwa. Nilifundisha shule ile miaka 11.

Kwa hiyo wewe mkufunzi wa Morogoro unayekubali wawili wawili na kukataa bweni, mwanangu, fikiri tena. Yule mwenzangu ningemjulia wapi?

Mchangiaji, Kampala

Naongeza moja la kwetu. Gayaza mliyoitaja kama kiwanda cha wake, ndipo alipokuja kufundisha Sarah Ntiro baada ya kupata shahada ya historia Oxford mwaka 1954, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufika huko. Akakuta mwanamke analipwa chini ya mwanamume mwenye sifa zile zile. Akasema afadhali afundishe bure kuliko kupokea mshahara wa kumdhalilisha, na serikali ikarudi nyuma. Waingereza wenyewe walikuwa bado hawajamaliza kuwalipa walimu wao wa kike sawa na wanaume. Kule usawa ulianza kutekelezwa 1955 kwa awamu, ukakamilika 1961. Shule iliyojengwa kwa nia moja inaweza kutumiwa na wanawake kwa nia nyingine. Mumewe Sam Ntiro alikuwa Mtanganyika, msanii, kwa hiyo hapo mnayo sehemu yenu.

Mwanzisha mada

Nimekaa na majibu haya siku mbili.

Dada wa Mombasa, umenisahihisha na nimekubali. Nilisema wa Mbweni hawakuwa na ukoo, nikaacha hapo, na kumbe hilo la kutokuwa na ukoo ndilo lililowanyima wa kuwasemea. Chuo ninachokitaka kiwe na wazazi kwenye bodi yake, na mabinti warudi likizo kwao.

Mdogo wangu wa Geita, sina jibu la kukutuliza na sitajifanya ninalo. Umenionyesha kwamba nimeanzia mwisho. Nabadilisha mpangilio wa hoja yangu: kabla ya kujenga bweni hata moja, walimu wa kike wenye vyeti walioko nyumbani waajiriwe na kupangiwa vijijini wawili wawili, kwa nyumba zenye komeo. Aliyesoma na rafiki yake aruhusiwe kumtaja kwenye fomu ya maombi ya ajira, wapelekwe shule moja. Hilo halihitaji tofali.

Mkufunzi wa Morogoro, Makerere yako nimeipokea nusu. Wale sita walibadilisha wito wa chuo, ni kweli, lakini walikuwa sita, si mmoja. Darasani wachanganyike kama unavyotaka. Ninachokililia ni ile saa ya usiku aliyotuambia mama wa Lindi, sauti inapotoka kwa mara ya kwanza bila mwanamume wa kuicheka. Vyuo vyetu vingi leo mabweni hayatoshi, binti anapanga chumba mtaani kwa mama mwenye nyumba asiyemjua. Saa hiyo ataipata wapi?

Na wewe mama wa Lindi, shikamoo. Nakuomba, kama mwenzako yule bado yupo, mwombe naye aje aandike hapa.

Mwalimu mstaafu, Lindi

Marahaba mwanangu. Yupo, macho ndiyo yamechoka. Jumamosi nakwenda kwake na simu ya mjukuu. Atasema, mimi nitaandika.