Binti yangu ameitwa kuzungumza na hakimu kwenye kesi ya malezi

Mama wa Wawili

Habarini ndugu zangu. Mimi na baba watoto tumeachana na kesi ya malezi iko mahakamani. Watoto ni wawili, wa kike ana miaka 10, wa kiume 4. Juzi wakili wa mwenzangu ameomba binti yetu azungumze na hakimu, na hakimu amekubali. Tangu hapo usingizi sina. Mtoto mwenyewe keshaanza kuniuliza, "Mama, nikikosea kujibu itakuwaje?" Nikamwambia hakuna kukosea, lakini nilivyomtazama hakuniamini.

Je, kisheria anaweza kulazimishwa kuchagua kati yangu na baba yake? Atakayosema yatasomwa mbele yetu sote? Dada yangu anasema nimfundishe la kusema, maana upande wa pili nao watamfundisha. Na jingine: baba yao ana muda hatoi matumizi, nami nafikiria kumzuia asiwachukue wikiendi mpaka atoe. Naombeni ushauri.

Ustawi Mstaafu

Pole sana dada. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii na kazi yangu kubwa ilikuwa kuandikia mahakama taarifa za watoto wa kesi kama yako, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Binti yako haitwi kuchagua mzazi. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 inampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na mawazo yake haki ya kusikilizwa katika shauri linalomgusa, kwa kinywa chake au kupitia mwakilishi, na mawazo hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Mkataba haukuweka umri wa kuanzia. Akisema hataki kuongea, hakuna wa kumlazimisha. Mwenye kuamua ni hakimu, naye anapima maslahi ya mtoto kwa ujumla: usalama, shule, nani amekuwa akimlea, uhusiano wake na mdogo wake. Alichosema mtoto kinaingia humo pamoja na mengine.

Kumfundisha, nakusihi usifanye. Niliwahi kukaa na mtoto wa miaka minane akaniambia, "Baba hawajibiki kifedha." Alikuwa anazungusha kifungo cha sweta. Nikamwuliza kuwajibika ni nini, akanyamaza, akaangalia mlangoni. Nikaacha hayo, nikamwuliza siku za shule anaamshwa na nani. Hapo akafunguka: nani anamsuka, nani anajua kwamba anaogopa giza, anapokuwa kwa baba analala wapi. Maneno yake mwenyewe yalimsaidia mahakamani, yale ya kupewa hayakumfaa kitu, na aliyempa alionekana waziwazi kwenye taarifa. Hakimu mzoefu hahitaji hata afisa kumwambia hilo.

Mwambie hivi tu: kuna mtu mzima atakayeongea nawe, mwambie ukweli, usichotaka kusema usiseme, na mimi na baba hatutakukasirikia. Kama baba yake atakubali kumwambia maneno hayohayo, itakuwa bora zaidi.

Kuhusu siri: mahakama nyingi humwona mtoto chemba, yaani ofisini kwa hakimu, wazazi wakiwa nje, lakini kiasi gani cha mazungumzo wazazi wataambiwa kinatofautiana nchi na nchi. Wakili wako amwombe hakimu aliweke wazi hilo kabla ya siku yenyewe, na mtoto aelezwe kwa ukweli. Asiahidiwe siri ambayo haitatunzwa.

Aliyeulizwa Zamani

Mimi nilikuwa mtoto wa kesi hiyo, dada. Hakimu alikuwa mpole, sina kinyongo naye. Kilichoniumiza ni njiani tukirudi: "Umemwambia nini?" Nikampa mama jibu lake, na jioni baba akapiga simu nikampa lake, na kwa miaka nikaishi kwa hofu kwamba watakutana walinganishe. Binti yako akitoka pale, mpe maji, mrudi nyumbani. Usimwulize kitu, na huyo dada yako pia asimwulize.

Wakili wa Familia

Naongezea kwenye matumizi, maana hapo wazazi wengi hujiharibia kesi. Matumizi na kumwona mtoto ni mambo mawili tofauti. Ibara ya 9 ya mkataba huohuo inaihesabu haki ya kukutana na wazazi wote wawili mara kwa mara kuwa ya mtoto, isipokuwa pale inapomdhuru. Kama kuna amri ya mahakama kuhusu wikiendi, ukizuia, mvunja amri ni wewe, hata kama yeye hajatoa senti. Matumizi yadai kwa njia yake: peleka ombi la kukaza amri, yaani mahakama imlazimishe kulipa, na nchi nyingi zinaruhusu fedha ikatwe moja kwa moja kwenye mshahara.

Lakini kama kuna kipigo, vitisho au ulevi unaohatarisha watoto, usisubiri tarehe ya kesi. Omba amri ya dharura, ikiwemo watoto kukutana na baba mbele ya msimamizi. Na ukiwa na hofu ya kutoroshewa watoto nje ya nchi, omba mapema wasisafirishwe bila idhini ya mahakama. Mkataba wa Hague wa 1980 unasaidia kumrudisha mtoto aliye chini ya miaka 16, ila unafanya kazi kati ya nchi zilizokubaliana nao tu, na kumzuia kuondoka ni rahisi kuliko kumrudisha.

Mama wa Wawili

Mungu awabariki. Kipigo hakuna, tatizo ni pesa na maneno. Wikiendi hii wataenda kwa baba yao, na matumizi namwachia wakili. Na huyu wa miaka 4 naye ataulizwa?

Ustawi Mstaafu

Wa umri huo kwa kawaida hafikishwi kwa hakimu. Afisa atakuja kwako, ataenda na kwa baba yake, amtazame akicheza, akila, akikimbilia nani akianguka. Usipange nyumba upya kwa ajili ya mgeni, wala usimvalishe nguo za sikukuu. Muulize afisa tarehe ya taarifa yake kufika mahakamani, ili wakili wako apate nafasi ya kuisoma kabla ya kusikilizwa.