Kijiko cha fedha chenye STERLING na herufi IW: cha Ireland au cha Marekani?

Mwanahawa_Dublin
Habari zenu wakuu. Mama mwenye nyumba wangu hapa Dublin amenionyesha kijiko kikubwa cha mezani, cha fedha, alichorithi kwa bibi yake. Nyuma ya mpini kuna neno STERLING (yaani fedha ya kiwango) na kimuhuri kidogo chenye herufi IW. Sehemu ya juu ya kimuhuri imelika. Hakuna kinubi chenye taji, wala Hibernia, yule mwanamke aliyeketi anayewakilisha Ireland. Duka moja la vitu vya kale lilimwambia ni cha Marekani. Yeye anasema kwao ni Cork, mji wa kusini mwa Ireland, na kijiko ni cha huko. Nianzie wapi kumsaidia: Ofisi ya Upimaji ya Dublin (wanaopima usafi wa fedha na kugonga mihuri), nyumba ya mnada, makumbusho, au vitabu vya mihuri?

KaleNaKale
Dada, hao wa duka wamekata shauri mapema. Kinubi chenye taji ni alama ya Dublin tangu karne ya 17, baada ya masonara wa huko kupewa hati ya kifalme mwaka 1637. Hibernia aliongezwa miaka ya 1730 kuonyesha kwamba ushuru umelipwa. Lakini Cork haikuwa na ofisi ya upimaji. Kupeleka mzigo wa fedha Dublin ni safari ya zaidi ya kilomita 250, na barabara za zama zile zilikuwa na wanyang'anyi. Kwa hiyo mafundi wengi wa Cork waligonga STERLING wenyewe, wengine wakaandika STARLING.

Marekani neno hilo lilienea hasa nusu ya pili ya karne ya 19. Umbo la kijiko ndilo litakalokuambia ni cha wakati gani. Ncha ya mpini ikoje?

Sonara_MjiMkongwe
Naongea kama fundi. Tafadhali msikisugue kwa dawa yoyote, kila mkisugua mnaondoa herufi. Pumulia muhuri taratibu, kisha uumulike kwa taa kutoka ubavuni huku ukitazama kwa lenzi. Angalia kwanza mpaka wa kimuhuri kabla ya herufi. Kama nafasi iliyo juu ya IW inatosha safu nyingine, basi unasoma nusu tu ya jina.

Wapo watakaokushauri tindikali, wengine mashine ya eksrei. Tindikali inaacha doa na mashine haiachi, kwa hiyo mashine ni afadhali. Ila zote mbili zinapima usafi wa fedha. Jina la fundi hazilijui.

Mwanahawa_Dublin
Ahsante sana kaka. Nimefanya hivyo usiku huu. Kimuhuri ni karibu mraba, na juu naona mviringo ulio wazi upande wa kulia, kisha mstari wa kulala. Ncha ya mpini imechongoka, na kuna nakshi ya kukatwa inayong'aa.

KaleNaKale
Huo mviringo ni C, na mstari ni kichwa cha T. CT juu ya IW! Carden Terry na Jane Williams wa Cork, baba na binti yake, walifanya kazi pamoja tangu 1807 hadi baba alipofariki 1821. Kwenye mihuri ya zamani I husimama mahali pa J, ndiyo maana Jane anaonekana kama I. Mumewe, naye sonara, alikuwa amefariki, na mama huyu akaendelea na kazi. Muhuri wenye herufi ya mwanamke haupatikani kila siku.

Mzee_wa_Bandari
Twende polepole, mwanangu KaleNaKale. Mafundi wa Limerick, mji mwingine wa Ireland, nao waligonga STERLING. Mwanahawa, hiyo nakshi ina manyoya matatu? Manyoya hayo ni desturi ya vijiko vya Limerick.

Kuhusu pa kuanzia, ofisi ya Dublin ina rekodi nzuri, lakini kijiko hiki hakikupitia upimaji wao. Nyumba ya mnada hujibu haraka, ila macho yao yako kwenye bei. Vitabu vina michoro, na mchoro hauonyeshi kina cha herufi wala pembe ya muhuri. Mimi ningeanza na makumbusho ya umma ya Cork, kwa sababu wana vyombo vyenyewe vya mafundi wa mji ule. Weka muhuri kando ya muhuri.

Mwanahawa_Dublin
Shikamoo mzee. Manyoya hayapo, ni nyota. Nimemsomea mama majibu yenu yote, na alipofika kwa Jane akaniomba nirudie. Tumepanga kupanda treni ya Cork Jumamosi. Kijiko tumekifunga kwenye kitambaa cha pamba, hakijasuguliwa.