Mjadala: Orodha ya "mpigie huyu" ifuateni kwa wagombea, kwenye mapendekezo ya sheria someni wenyewe

Mleta mada (Oakland)

Wadau, salaam. Kila uchaguzi ukikaribia hapa California magrupu yetu ya WhatsApp yanajaa picha za orodha. Mrengo wa kushoto wa chama cha Democratic una zake, vyama vya wafanyakazi wana zao, wapangaji wana yao. Jaji mpigie fulani, bodi ya shule fulani, Pendekezo hili NDIYO, lile HAPANA. Mtu anaiweka simu pembeni ya karatasi ya kura, ananakili kuanzia juu hadi chini, anatia sahihi kwenye bahasha, kazi imekwisha.

Kwa wagombea sina ugomvi mkubwa na utaratibu huo. Kwa mapendekezo ya sheria, yaani zile sheria ambazo wananchi wenyewe tunazipigia kura moja kwa moja, napinga, na nitasema kwa nini.

Mtu unaweza kumtoa. San Francisco walimchagua Chesa Boudin mwaka 2019 kuwa mwendesha mashtaka wao, kipenzi cha kila orodha ya kushoto. Juni 2022 wakampigia kura ya kumwondoa hata muhula haujaisha. Uwe ulimpenda au hukumpenda, mlango ulikuwepo. Sasa liangalie Pendekezo 22 la mwaka 2020. Uber, Lyft, DoorDash na wenzao walimwaga zaidi ya dola milioni 200 ili madereva wao wasihesabike kuwa waajiriwa. Likapita kwa zaidi ya 58%. Ndani yake mna kifungu kinachosema Bunge la jimbo haliwezi kulirekebisha bila kura za sehemu saba kati ya nane za wabunge. Saba kati ya nane! Hata azimio la kusifu hali ya hewa sidhani kama lingezipata. Wapinzani wakaenda mahakamani, wakazunguka ngazi zote, na Julai 2024 Mahakama ya Juu ya California ikasema sheria ibaki.

Halafu kuna vile vipeperushi vya kwenye masanduku ya barua. Mwaka ule kulikuwa na kimoja kilichojiita "Feel the Bern, Progressive Voter Guide", yaani kama vile kimetoka kwa watu wa Bernie Sanders, yule seneta wa mrengo wa kushoto. Kikasema NDIYO kwa 22. Sanders mwenyewe alikuwa analipinga pendekezo hilo waziwazi. Sheria ya California inataka kila aliyelipia nafasi kwenye kipeperushi cha aina hiyo awekewe alama ya nyota. Basi nyota inawekwa, ndogo, kando ya jina, na maelezo yake yanasukumwa kule chini ambako hakuna anayefika. Mkipokea kimoja mwaka huu, kitafuteni hicho kinyota kabla ya kusoma chochote kingine.

Haya, nani anafuata orodha humu, na ya nani?

Dereva (Sacramento)

Mkuu, heshima yako, ila unaongea kama mtu mwenye Jumamosi. Mwaka huohuo wa 2020 kulikuwa na mapendekezo 12 ya jimbo zima, bado ya kaunti na ya jiji. Kitabu cha jimbo cha kuwaeleza wapiga kura mapendekezo hayo kinatoka kwa Kihispania, Kichina, Kikhmer na lugha nyingine kadhaa. Kiswahili hakimo. Wala msidhani tukiongezeka tutawekwa: ile sheria ya shirikisho inayolazimisha karatasi za kura kutafsiriwa inataja Kihispania, lugha za Kiasia, na za wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska. Lugha za Kiafrika hazimo hata tukijaa kaunti nzima. Ukimwambia mama mmoja mtu mzima aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu asome mwenyewe, unamwambia akae nyumbani.

Na la pili, mimi ni dereva na 22 nililipigia NDIYO kwa akili zangu timamu. Hakuna kipeperushi kilichonidanganya. Nilitaka kuwasha na kuzima programu saa ninayotaka mimi. Msidhani kila aliyepiga hivyo alirogwa.

Mleta mada

Sijasema ulirogwa, ndugu yangu. Ila nikuulize: ile ahadi ya 120% ya kima cha chini cha mshahara, walikuambia inahesabiwa vipi? Inaanza ukishakubali safari na inaishia abiria akishuka. Zile saa unazokaa uwanja wa ndege ukisubiri hazimo. Kipeperushi kiliandika 120% kwa herufi kubwa. Hayo mengine yalikuwa kwenye maandishi ya sheria.

Dereva (Sacramento)

Nilijua. Na bado ningepiga hivyohivyo.

Mdau (Dallas)

😂😂 Mafiga matatu ya CCM yametufuata mpaka huku. Rais, mbunge, diwani, sasa na kamishna wa maji. Naunga mkono hoja, endeleeni nawasoma.

Dada (Minneapolis)

Kaka mleta mada, umesema kwenye wagombea huna ugomvi? Njoo Minnesota nikupikie chai kwanza.

Julai 2025 mkutano wa jiji wa DFL, ndivyo Democratic wanavyoitwa huku, ulimuidhinisha Omar Fateh agombee umeya. Seneta wa jimbo, wazazi wake wahamiaji wa Kisomali, watu wakashangilia. Haukupita muda ngazi ya jimbo ya chama hichohicho ikaufuta uidhinishaji ule Agosti, kwa sababu mfumo wa kielektroniki wa kuhesabu kura za wajumbe ulikuwa na kasoro. Wenye orodha walishaanza kusambaza. Wengine wakaendelea na Fateh, wengine wakarudi kwa meya Jacob Frey, wengine wakasema wapangeni wote kwa namba maana huku kwenye karatasi ya kura tunapanga wa kwanza hadi wa tatu. Frey akashinda Novemba. Sasa wewe ulikuwa na orodha ya Julai au ya Septemba? Orodha ni ya watu, na watu wana mikutano, na mikutano ina fitina.

La pili nakupinga pia. St. Paul, jirani zetu hapo ng'ambo ya mto, mwaka 2021 wapiga kura walipitisha kodi ya nyumba isipande zaidi ya 3% kwa mwaka, hata kwa nyumba ambayo bado haijajengwa. Kila orodha ya kushoto ilisema NDIYO. Maombi ya vibali vya ujenzi yakaporomoka, na mwaka 2022 baraza la jiji likazitoa nyumba mpya kwa miaka 20. Kwa hiyo lile la kwamba sheria ya wananchi haiondoki ni la California kwenu, si la kila mahali.

Mleta mada

Dada, hiyo ya St. Paul umenipa silaha bure. Tofauti ya St. Paul na 22 iko kwenye kifungu kimoja tu: nani anaruhusiwa kuirekebisha, na kwa kura ngapi. Nimesoma orodha nyingi, za watu ninaowaheshimu, na sijaona iliyoandika hilo. Zinaandika NDIYO, HAPANA, na kialama cha ngumi. Ningekuwa na amri, ningeanza na kifungu hicho kabla hata ya lengo la sheria yenyewe, maana lengo daima ni zuri. Nani ataandika lengo baya?

Mdau (Bronx)

Nyie wa magharibi mna bahati mna orodha. Sisi New York mwaka 2025 tulikuwa na mgombea mwenyewe na bado hatukupata.

Zohran Mamdani, mgombea umeya mzaliwa wa Kampala, mnamjua. Kwenye mchujo wa Democratic wa Juni kulikuwa na uidhinishaji wa kila rangi. Yeye na mpinzani wake Brad Lander waliidhinishana, kila mmoja akaomba wafuasi wake wampange mwenzake wa pili. New York Times walishatangaza mwaka 2024 kwamba hawatoi tena uidhinishaji kwenye chaguzi za hapa, kisha bodi yao ya wahariri ikajitokeza kuwaambia wasomaji wasimpange Mamdani kabisa. Hatoi uidhinishaji ila anatoa uharamishaji, sijui tuuite nini. Mamdani akashinda.

Novemba kwenye karatasi ileile ya umeya kukawa na mapendekezo 2, 3 na 4, ya kuharakisha vibali vya nyumba na kupunguza nguvu ya diwani mmoja kuzuia mradi. Uongozi wa baraza la jiji ukapinga, wa kushoto wakagawanyika, watetezi wa ujenzi wa nyumba wakaunga mkono. Mgombea wetu? Kimya. Siku tisa za kura ya mapema zikapita yuko kimya. Siku yenyewe ya uchaguzi ndipo akasema amepiga NDIYO. Mimi nilishapiga siku nyingi. Yote matatu yalipita, lakini kwa sisi tuliokuwa tunamsubiri atuelekeze, alituelekeza tukiwa tumeshafika nyumbani.

Mdau (Seattle)

Mimi bado green card, kura sina na msinidanganye kupiga, ni kosa linaloweza kukufukuzisha nchi. Ila Seattle inatutumia vocha nne za dola 25 kila moja umchangie mgombea wa jiji umtakaye, na wakaazi wa kudumu tumo. Mimi orodha za watu naziangalia kwa ajili ya hizo vocha tu.

Dereva (Sacramento)

Mleta mada hujanijibu la mama wa Nyarugusu.

Mleta mada

Nakujibu. Kwanza, pendekezo asilolielewa aliache wazi. Karatasi haiharibiki, majina aliyoyapigia yanahesabiwa kama kawaida. Watu wengi hawalijui hili, wanajaza kila duara kwa kuogopa kura kukataliwa.

Dereva (Sacramento)

Akiliacha wazi yeye, Uber hawaliachi wazi.

Mleta mada

Hilo kweli. Basi nipe namba ya grupu lenu la Sacramento. Kitabu kikitoka nitawasomea kwa sauti, pendekezo moja kila siku, kuanzia kile kifungu cha nani anaruhusiwa kuirekebisha sheria. Na wewe wa NDIYO uwepo, usiniachie peke yangu niwasomee ninavyotaka.