Mjadala: Je, John Amos alikosea kugombana na mabosi wa Good Times?

Wakuu, hili nimekaa nalo muda mrefu, naomba tulijadili kwa hoja.

John Amos alifariki Agosti 21, 2024, Los Angeles, akiwa na miaka 84. Huku kwetu wengi tulimkumbuka kwa sura mbili: Kunta Kinte mtu mzima kwenye Roots, ile tamthilia ya utumwa, na Cleo McDowell, yule mwenye mgahawa kule Queens, New York, aliyemwajiri mwana wa mfalme kwenye filamu ya Coming to America. Lakini kwao Marekani, hasa kwa watu Weusi wa rika fulani, yeye kwanza ni James Evans, baba wa familia kwenye kipindi cha vichekesho cha Good Times. Na kila jina lake linapotajwa, kuna hoja haikosi: yule bwana alikuwa na kazi nzuri, akaichezea. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Yeye hakuinama, mwaka 1976 unga ukamwagika.

Mimi nasema hakukosea, na nitaeleza kwa nini.

Good Times ilianza kurushwa na kituo cha runinga cha CBS Februari 1974, mtayarishaji wake Norman Lear. Familia ya Evans iliishi kwenye maghorofa ya watu wa kipato cha chini Chicago: baba, mama na watoto watatu. Mama, Florida, alichezwa na Esther Rolle, na ni Rolle aliyeshikilia kwamba hachezi bila mume ndani ya nyumba. Hakutaka kuona tena mama Mweusi anahangaika peke yake na watoto kana kwamba wanaume wa kwao hawapo. Ndipo akaingia Amos. Alikuwa na miaka 34 tu, mdogo kwa Rolle kwa miaka 19, na amemzidi miaka 8 tu Jimmie Walker aliyecheza mwanawe wa kwanza, J.J. Ukimtazama huwezi kuamini. Anaingia mlangoni amechoka, kibarua kimeota nyasi tena, kodi haijalipwa, na bado watoto wanakaa sawa kwa sababu baba amefika.

Ugomvi ulitoka kwa J.J. Kile kibwagizo chake cha "Dy-no-mite!" kilipendwa mno, na waandishi wakaanza kukigeuza chakula cha kila wiki. Amos alikuja kueleza kwenye mahojiano kwamba nyumba ile ilikuwa na watoto wengine wawili, mmoja akiota kuwa daktari wa upasuaji, mwingine kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi, lakini kurasa zilimwendea J.J. na kofia yake na kibwagizo chake. Alilalamika pia kwamba waandishi wengi walikuwa Wazungu wasiojua nyumba ya Mweusi inavyoishi, ingawa wabunifu wa kipindi, Eric Monte na Mike Evans, walikuwa Weusi.

Hapa kuna jambo ambalo wanaomlaumu hawalitaji. J.J. kwenye hadithi alikuwa mchoraji. Picha alizoonyeshwa nazo zilichorwa na Ernie Barnes, msanii halisi, Mweusi, aliyewahi kucheza mpira wa Kimarekani wa kulipwa kabla ya kushika brashi. Angalieni zile picha: miili mirefu, watu wanacheza muziki macho yamefumbwa. Yaani waandishi walikuwa na kijana wa mtaa wa shida mwenye kipaji kikubwa, kimetundikwa ukutani kila mtu anakiona, wakaona cha kuendeleza ni kelele. Amos hakuwa anapinga watu kucheka. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa vichekesho. Kabla ya hapo alicheza mtangazaji wa hali ya hewa kwenye The Mary Tyler Moore Show.

Sasa nije kwenye upande wa pili, maana una uzito. Lear alimpigia simu akamwambia kipindi kinaendelea ila yeye hatakuwamo, amekuwa mvurugaji. Na Amos mwenyewe alikiri baadaye kwamba hakuwa mtu wa diplomasia siku zile. Hasira zake ziliwachosha watu. Halafu kuna hoja inayoniuma zaidi: Rolle alipigania baba awemo, na Amos, kwa ukali wake, akawapa mabosi sababu ya kumtoa baba huyohuyo. Aliyekuwa anatetea nyumba ndiye nyumba ikampoteza.

Nimeitafakari hoja hiyo, na bado haikai. Mwigizaji akiondoka, njia ziko nyingi. Unaweza kumpa nafasi yake mwingine, runinga ya Marekani imefanya hivyo mara kibao. Unaweza kumpeleka baba mbali kikazi, akawa anaandika barua. Wao walichagua kumuua. James alikwenda Mississippi kwenye kazi mpya, familia ikiwa inafunga mizigo kumfuata, ikaja taarifa ya ajali ya gari. Florida anajikaza mbele ya wageni waliokuja kutoa pole, wote wanashangaa ujasiri wake. Wakishaondoka anashika bakuli la kioo, analipiga chini, na uchungu wote unamtoka kwa neno moja analolirudia mara tatu. Aliyeona tukio lile haliwezi kumtoka. Lakini msiniambie lile bakuli alilivunja Amos. Kalamu haikuwa mkononi mwake.

Na yeye hakufa njaa. Januari 1977, miezi michache tu baada ya kifo cha James kuonyeshwa, kituo cha ABC kilirusha Roots usiku nane mfululizo, na Amos akiwa Kunta Kinte anayekatwa mguu kwa kutoroka utumwani, akateuliwa kuwania Emmy, tuzo kubwa ya runinga Marekani. (Mkewe Bell alichezwa na Madge Sinclair, ambaye miaka 11 baadaye alikuwa malkia wa Zamunda, ile nchi ya kubuni kwenye Coming to America.) Na Lear huyohuyo alimrudisha kwenye kipindi chake kingine, 704 Hauser, mwaka 1994. Mtu asiyefaa kufanya naye kazi haitwi tena na aliyemfukuza.

Wanaoshikilia kwamba tatizo lilikuwa hasira za Amos, naomba mnijibu hili. Esther Rolle alikuwa mtu mzima wa miaka 54 mwaka 1975, alipolalamika hadharani kwenye Ebony, jarida la Wamarekani Weusi, kuhusu J.J. kuandikwa kama kijana asiye na kazi wala fikra. Mwaka 1977, Amos keshaondoka, hakuna tena wa kuvuruga, na yeye naye aliacha kipindi. Aliporudi 1978 kwa msimu wa mwisho, moja ya masharti yake lilikuwa J.J. aandikwe kama kijana wa kuigwa. Lalamiko ni lilelile. Kama Amos alikosea, basi huyu mama alikosea wapi?