Kuniambia mbele ya watu kwamba "ninashona suruali" ni dharau, na sitanyamaza

Wakuu, nimetoka sasa hivi kwenye ile nyumba ya Mwanga tunakokutana kurusha ndege kwenye kompyuta, na ninaandika kabla sijanywa hata maji. Mhusika simtaji, kwa sababu hapa Kigoma hakuna asiyemfahamu: ni yule anayetaka aitwe Kapteni ilhali ndege ya kweli ameitazama kupitia uzio wa uwanja tu. Chumba kikiwa kimejaa watu mpaka dirishani, nami nikiwa nimeshaingia kwenye njia ya kurukia ya uwanja wetu, ule unaoandikwa HTKA kwenye ramani za marubani, aliitazama miguu yangu akatamka kwa sauti iliyofika Ujiji: "Wewe hurushi ndege, unashona suruali," yaani miguu yangu inakanyaga pedali huku na huku kama ya fundi wa cherehani.

Unashona suruali! Nilikuwa nimevua viatu, visigino vimetua sakafuni, nyayo zikigusa sehemu ya chini ya pedali, kama inavyotakiwa. Pedali hizi husukumwa kwenda mbele ili kugeuza usukani wa mkia, na ile sehemu ya juu ndiyo hukanyagwa kwa vidole ili kufunga breki, ya kushoto kwa gurudumu la kushoto na ya kulia kwa gurudumu la kulia. Anayepandisha nyayo hufunga breki bila kujua. Mimi sikuzipandisha. Waliokuwa wamekaa sakafuni ni mashahidi.

Ndege yenyewe ilikuwa Cessna 172, ile ndogo ya pangaboi moja, na kila aliyeigusa anajua kwamba ukifungulia nguvu zote, upepo wa pangaboi huizunguka bodi na kuupiga mkia ubavu wa kushoto, pua ikakimbilia kushoto, hivyo mguu wa kulia hauna budi kuanza kazi mapema. Sasa mtu aliyezoea kijiti cha mkononi peke yake, huku programu ikimsogezea usukani, ataijulia wapi kazi hiyo? Miguu yake hukanyaga kupita kiasi, pua ikaenda kulia, akakanyaga kushoto, ikapitiliza tena. Kila mtu huanzia hapo. Nami kiti chenye vigurudumu kilikuwa kinanirudisha nyuma kila niliposukuma, pedali zikiteleza kwenye vigae, na katika hali hiyo bwana mkubwa akaona yafaa kuzungumzia suruali. Hakusema "punguza mguu." Hakusema "tazama mwisho wa njia, usitazame mbele ya pua." Alisema suruali, na watoto wa jirani wakacheka mpaka mmoja akaanguka kutoka dirishani.

Kinachonichoma ni kwamba nilikuwa nimeanza kuipata. Mguu wa kulia ulikuwa umebana kidogo tu, bila kukurupuka, mstari wa katikati umetulia chini ya pua, na kwa mara ya kwanza nikahisi kwamba ndege inanisikia. Hapo hapo likaja neno lake, mguu ukashtuka, Cessna ikaingia nyasini. Ninataka aniombe radhi mbele ya watu walewale, ndani ya chumba kilekile.

Mwana wa Katubuka: Pole sana, ndugu yangu. Nilisimama mlangoni na nilisikia kila kitu. Ambalo hukuliona ni kwamba yeye aliporuka kabla yako, ule msaada wa usukani ulikuwa umewashwa. Miguu yake ilikuwa inapumzika, programu ndiyo iliyomnyooshea ndege.

Mgebuka Mkavu: Mimi nilikaa nyuma yako. Maneno yake yalikuwa makali, sikatai, lakini Cessna yako ilikuwa imekwisha kuzitembelea nyasi zote za Kigoma kabla hajafungua mdomo. Tusimsingizie mtu.

Mwenye uzi: Wewe ulikuwa unakula karanga, hukuona lolote. Ndege ilitoka njiani baada ya suruali, si kabla ya suruali. Naomba usome tena.

Mama Cherehani wa Gungu: Nimesoma hadi hapa nikingoja angalau mtu mmoja aseme, na hakuna aliyesema. Tangu lini kushona suruali kukawa tusi? Mimi nina cherehani ya miguu. Kisigino na kidole hupokezana bila kukatisha, ukikosea gurudumu linarudi kinyumenyume na uzi unakatika. Huyo Kapteni wenu alete miguu yake hapa, ashone pindo moja tu, tumwone.

Mwana wa Katubuka: Shikamoo mama. Umesema kweli tupu.

Kijana wa Mwandiga: Mnalaumiana bure. Pedali zile zina potenshiometa, vipimo vinavyosoma mwendo wa pedali kwa kusuguana, na vumbi la Mwanga limeingia ndani, kwa hiyo usukani unarukaruka hata mguu ukiwa umetulia. Zingekuwa na sensa za Hall, ambazo husoma kwa sumaku na hazina sehemu za kusuguana, tusingeyaona haya. Nimeomba zifunguliwe zisafishwe, na katika mipangilio mwitikio wa katikati ulainishwe ili mguso mdogo usiirushe pua. Nani amenisikiliza? Rubani wa kweli naye angeingia nyasini.

Kiti cha Plastiki: Wewe angalau walikujibu. Mimi nilipendekeza tuchonge ubao mmoja, pedali zifungwe kwa skrubu upande mmoja, kiti kikae upande wa pili, ili mtu akisukuma kisiende kokote. Tukachanga. Ubao uko wapi?

Mgebuka Mkavu: Fedha ya ubao ilinunua kebo mpya ya pedali. Mbona ilitangazwa?

Kiti cha Plastiki: Ilitangazwa kwa nani? Kebo iliyopo pale ni yangu, niliiazimisha kwa hisani, na imeandikwa jina langu kwa kalamu nyeusi karibu na kichwa chake.

Kijana wa Mwandiga: Basi swali la kebo lijibiwe kwanza. Mimi pia nilichanga.

Kiti cha Plastiki: Nitakuja kuichukua kesho asubuhi. Msizime kompyuta kabla sijafika, nataka niichomoe mbele yenu nyote.