Simulesheni ya 1908: timu tatu zinakabana koo, nimrushishe Willis akiwa amechoka au nimpumzishe?

BesiYaTatu

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri wenu maana huku kwetu zimefika dakika za lala salama na presha imepanda kweli kweli.

Niko kwenye ligi ya simulesheni ya besiboli, tunarudia msimu wa 1908 wa National League (moja ya ligi kuu mbili za Marekani), ratiba ileile, vikosi vilevile, kila mdau ana timu yake, mimi nilikabidhiwa Pittsburgh Pirates. Kwa wanaoijua historia, huo ndio msimu ambao Chicago Cubs walimaliza na ushindi 99 na vipigo 55, halafu New York Giants na Pirates wote wakaishia 98 kwa 56, yaani mechi moja tu ndo iliyowatenga bingwa na hao wengine wawili. Huku kwetu mambo yamekuja kukaa hivyohivyo. Giants wanaongoza, mimi nawafuata nyuma kwa mechi moja, Cubs wako hapohapo wananipumulia kisogoni.

Zilizobaki kwangu ni mechi na St. Louis Cardinals halafu namaliza na mechi moja ya ugenini Chicago tarehe 4 Oktoba, kama ilivyokuwa kwenye msimu wenyewe. Shida yangu ni Vic Willis, mrushaji wangu, yule anayewarushia mpira wapigaji wa adui. Huyu ndo jembe langu toka mwezi wa nne, nimemtegemea mno, na sasa programu inamuonyesha na alama ya uchovu kila nikimfungua. Nikimpa siku mbili tu za kupumzika anarudi akiwa nusu, nikimpa nne nitamkosa kwenye mechi ambazo kila moja naiona kama fainali. Je nimkaze hivyohivyo mpaka mwisho, maana ubingwa hauna kesho, au nimtunze kwa ajili ya Chicago? Nisaidieni wazoefu.

mzee_wa_dadu

Mkuu hongera kwanza, kuifikisha Pittsburgh hapo si mchezo. Watu wengi hawajui kwamba kwenye msimu ule Giants ndio waliowazidi wote kwa tofauti ya rani (pointi) walizofunga na walizofungwa, kwa hiyo ukiurudia 1908 mara nyingi wao ndo wanaotoka kifua mbele, kina Honus Wagner, mpigaji wako mkali, wanabaki wanahangaika. Kuwa nyuma kwa mechi moja tu mwishoni ni kazi nzuri sana.

Sasa kuhusu Willis. Mimi naona unaliangalia suala upande mmoja. Unamuona ndo jembe kwa sababu jina ni kubwa na alishinda mechi 23 mwaka ule, lakini hebu fungua takwimu za Howie Camnitz uziangalie vizuri. Camnitz 1908 alikuwa anaruhusu wastani wa rani 1.56 kwa mechi, Willis yeye 2.07. Halafu nyuma yao una Sam Leever, una Lefty Leifield, una Nick Maddox ambaye naye alishinda 23, wote hao wako kwenye mbili na kidogo. Hiyo timu haina jembe moja, ina majembe matano yanayokaribiana, na hiyo ndiyo silaha ambayo Giants hawana.

Giants wao ni Christy Mathewson. Msimu ule alicheza mechi 56, akaanza 44, akashinda 37, akarusha iningi (vipindi, mechi ina tisa) zaidi ya 390. Ni binadamu wa ajabu, lakini ukiwa na mtu kama huyo huna namna, lazima umkamue kwa sababu ukishamtoa yeye na Hooks Wiltse wengine wanashuka. Wewe ukianza kumkamua Willis unaiga ugonjwa wa jirani wakati wewe ni mzima. Camnitz aliyepumzika ni bora kuliko Willis aliyechoka, tena kwa mbali, na kwenye ligi ambayo rani tatu zinatosha kushinda mechi hiyo tofauti unaiona kabisa.

Kisiki

Nakubaliana na mzee kiasi ila kabla hujahamisha mtu yeyote nenda kaangalie settingi ya uchovu kwenye ligi yenu. Hili jambo watu wanalipuuza sana halafu wanalia mwishoni. Programu nyingi zinakuja na uchovu wa warushaji wa siku hizi, wale wa kupumzika siku nne tano na kutolewa iningi ya sita. Ukiweka hiyo kwenye 1908 umeharibu kila kitu, maana mwaka huohuo kule American League, ile ligi kuu nyingine, Ed Walsh wa Chicago White Sox alirusha iningi 464, akaanza mechi 49 na kuzimaliza mwenyewe 42, akashinda 40. Hakuna settingi ya kisasa itakayomruhusu mtu kufanya hivyo mkono ukabaki mzima.

Kwa hiyo kama kamishna wenu ameacha settingi ya kisasa, basi Willis wako anaonekana amechoka kuliko alivyotakiwa, na Mathewson wa mpinzani wako naye anateseka zaidi yako, hiyo ni faida kwako usiiguse. Kama ameweka ya zama zile, basi ile alama ya uchovu ni ya kweli na umemtumia kupita hata desturi ya wakati ule, hapo mpumzishe bila kujadiliana.

Na kitu kingine, si lazima Willis aanze ndo awe na faida. Zamani hizo jembe aliyekuwa kwenye siku zake za kupumzika alikuwa anaitwa amalizie iningi mbili tatu za mwisho. Mordecai Brown wa Cubs alifanya hivyo mara kibao. Ile mechi ya tarehe 8 Oktoba 1908 pale Polo Grounds, uwanja wa Giants, ya kuamua bingwa, aliyeanza alikuwa Jack Pfiester, akayumba kwenye iningi ya kwanza tu, Brown akaingia akaibeba mechi mpaka mwisho, Cubs 4 Giants 2, na aliyefungwa ni Mathewson. Mzunguko wako mpe Camnitz, Willis muweke pembeni ya hizo iningi za mwisho.

nahodha_wa_besi

Jamani mnaongelea warushaji tu, kuna mambo mawili yanaweza kummaliza huyu ndugu bila hata kurusha mpira. La kwanza viporo. Mvua ikikatisha mechi kwenye ligi yenu kinatokea nini? Hili liulize leo, usisubiri wiki ya mwisho. 1908 hiyohiyo kule American League Detroit Tigers walichukua ubingwa kwa ushindi 90 na vipigo 63, Cleveland wakawa 90 kwa 64. Umeiona hiyo? Detroit walikuwa na kiporo kimoja ambacho hakikuchezwa kabisa, na kanuni za wakati ule hazikuwalazimisha kukicheza, kwa hiyo Cleveland wakapoteza ubingwa kwa nusu mechi. Baadaye kanuni ikabadilishwa. Kama ligi yenu inafuata historia kwa asilimia mia, mtu anaweza kubeba kombe akiwa na kiporo mfukoni, na hakuna wa kumlaumu kama hamkuandika mapema.

Sare nazo ziulizie. Taa za uwanjani zilikuwa bado, mechi ya kwanza ya usiku kwenye ligi kuu ilichezwa 1935 Cincinnati, kwa hiyo giza likiingia mechi inakatwa na matokeo yanabaki sare. Hizo zinarudiwa au zinafutwa?

La pili ni Harry Coveleski. Huyu kijana wa Philadelphia aliwapiga Giants mara tatu ndani ya siku tano, tarehe 29 Septemba, 1 Oktoba na 3 Oktoba, ndo maana walimpa jina la muuaji wa Giants. Sasa tatizo la simulesheni ni kwamba kadi yake (uwezo anaopewa na programu) inatengenezwa kutokana na mechi chache mno alizocheza msimu ule, zote karibu ni nzuri, kwa hiyo anatoka na kadi ya moto kuliko hata Mathewson. Kama hamna ukomo wa iningi kwa wachezaji wa namna hii, mwenye Phillies, hiyo timu ya Philadelphia, anaweza kumrusha kila siku ya tatu akaharibu msimamo mzima, na atakayefaidika au kuumia itategemea tu nani yuko kwenye ratiba yake. Mimi nilishaona ligi nzuri ikivunjika kwa sababu ya kadi moja ya namna hiyo, watu walikasirika wakaondoka. Ukomo wa iningi ni lazima, alizorusha kweli ongeza kidogo, basi.

BesiYaTatu

Wakuu nashukuru sana, mmenifungua macho. Nimeshamuuliza kamishna. Settingi ya uchovu ni ya zama zile, ameiweka toka mwanzo, kwa hiyo Kisiki alama ya Willis ni ya kweli. Viporo vitachezwa kama vinaathiri ubingwa tu, na sare inarudiwa siku inayofuata kama ipo nafasi. Ukomo wa iningi upo, Coveleski ameshabakiwa na kidogo na mwenye Phillies anamtunza, na aliobaki nao ni Giants! Hapo roho imetulia kidogo.

Ila mbele huku naona tatizo lingine, rani hazipatikani. Wagner anapiga vizuri, Fred Clarke na Tommy Leach wanajitahidi, baada ya hapo kimya. Besi ya kwanza ndo kabisa.

mzee_wa_dadu

Besi ya kwanza ya Pittsburgh mwaka ule ilikuwa kidonda hata kwao wenyewe, walizungushana watu wanne, Swacina, Kane, Storke na Gill, na hakuna aliyekaa. Usipoteze muda kutafuta mkombozi pale, weka anayedaka vizuri basi. Ligi nzima wastani wa kupiga ulikuwa .239, usitegemee miujiza kutoka kwa wapigaji namba saba na nane.

Rani za 1908 hazitokani na kupiga mpira nje ya uwanja. Aliyeongoza ligi kwa homurani alikuwa Tim Jordan wa Brooklyn, alipata 12 msimu mzima, na Wagner wa pili akiwa na 10. Rani zinatokana na kusogeza mtu besi moja moja na kumlazimisha adui afanye makosa, maana glavu zilikuwa ndogo na viwanja vina mabonde. Wagner aliiba besi (kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa) 53 mwaka ule, aliongoza ligi kwa hiti, kwa dabo, kwa tripo na kwa wastani wa .354. Kwa hiyo kazi ya timu nzima ni moja tu, Wagner anapoingia kupiga awepo mtu kwenye besi ya pili. Clarke akipata besi, Leach apige banti, yaani augonge mpira taratibu udondoke karibu ili mwenzake asogee. Najua banti siku hizi inadharauliwa, na kwenye ligi za rani nyingi wanaoidharau wako sahihi, lakini ukiwa na mchezo wa 1 kwa 1 iningi ya saba na mtu kama Wagner anafuata, kutoa auti moja ili mtu afike besi ya pili ni biashara nzuri. Hapo usinibishie.

Kisiki

Mzee kwenye banti tunatofautiana kidogo, mimi ningemuacha Clarke aibe mwenyewe, lakini tusigombane.

Mkuu BesiYaTatu kuna kitu nataka ukijue kuhusu timu yako maana kinanigusa kila nikiisoma 1908. Kila mtu anajua la Fred Merkle, kijana wa miaka 19 wa Giants, tarehe 23 Septemba, 1 kwa 1, auti mbili, mwisho wa iningi ya tisa. Al Bridwell anapiga hiti, McCormick anaingia kutoka besi ya tatu na rani ya ushindi, watu wanamwagika uwanjani, Merkle, aliyekuwa besi ya kwanza na alitakiwa afike ya pili ndo rani ihesabiwe, badala ya kuigusa anageuka anakimbilia vyumbani. Johnny Evers wa Cubs anadai mpira, anakanyaga besi ya pili, na mwamuzi Hank O'Day anatoa auti. Rani inafutwa, mechi inakuwa sare, na ndo ikaja kurudiwa ile tarehe 8 Oktoba.

Lakini tarehe 4 Septemba, Pittsburgh, jambo lilelile lilitokea kwa Pirates wako dhidi ya Cubs haohao. Iningi ya kumi, 0 kwa 0, Owen Wilson anapiga hiti, Clarke anaingia na rani, na Warren Gill aliyekuwa besi ya kwanza hakufika besi ya pili, akageuka. Evers akadai, mwamuzi ni huyohuyo O'Day, na siku ile alikataa, Pirates wakapewa ushindi wa 1 kwa 0. Kwa hiyo moja ya zile 98 za Pittsburgh ilipita kwenye tundu ambalo wiki tatu baadaye liliwafungia Giants. Merkle alifanya walichokuwa wanafanya wengi na ndiye peke yake aliyebebeshwa maisha yake yote, inauma. Simulesheni haina tukio kama hilo, hiti inapigwa rani inahesabiwa, na ndo maana huko kwenu Giants wanaongoza. Mimi naona ni haki yao kabisa.

nahodha_wa_besi

Hilo la Gill watu wengi hawalijui, umefanya vizuri kuliweka hapa.

Na tukirudi kwenye swali, tarehe 4 Oktoba yenyewe Pirates walikwenda Chicago wakiuhitaji sana ushindi, wakamuanzisha Willis dhidi ya Brown, wakafungwa 5 kwa 2, msimu ukaishia hapo. Wewe una nafasi ya kujaribu njia nyingine.

mzee_wa_dadu

Sawasawa. Mimi ningepanga hivi. Cardinals ndio wa mwisho kwenye ligi, kwenye historia walipoteza 105, hao wanatoshana na Maddox, Leever na Leifield, usiwaletee Willis hata ukiwa nyuma kwa rani mbili. Chicago aanze Camnitz akiwa na siku zake zote za kupumzika, na Willis aliyepoa awe tayari kuanzia iningi ya saba. Brown atakuwepo upande wa pili, hilo halina ubishi, kwa hiyo usitegemee zaidi ya rani mbili. Weka ulinzi wako bora toka iningi ya kwanza.

BesiYaTatu

Nimeshaingiza mpangilio huo wakuu, Maddox anaanza kesho na Willis nimemfungia kwenye akiba mpaka Chicago. Banti nimeweka kwa Leach tu, tena Clarke akiwa besi ya kwanza na auti hazijatoka, hapo kati nimewapa nyote wawili nusu nusu. Kamishna anaendesha mechi zote za siku tatu kwa pamoja, matokeo yakitoka nitayaweka hapa.